Kwa Nini Mhunzi wa Kwamvungu Hugeuza Mgongo Kabla ya Kukunja Chuma

Kulikuwa na wakati, wanangu, ambapo chuma hakikujua pembe. Kilijua kunyooka kama mkuki, kuzunguka kama bangili, kupanuka kama jembe na kujikunja kama njuga ya mbuzi. Lakini kiwiko, ile pembe kamili kama ya mkono uliobeba mtoto, hakuna mhunzi aliyekiweza. Leo unakiona kiwiko cha chuma kimeshika komeo la mlango, unapita zako. Siku zile ungesimama ukakishika kwanza ndipo uamini.

Kule Kwamvungu, juu milimani ambako ukungu huingia majumbani bila kubisha hodi, watu walifunga milango kwa gogo. Gogo hilo, ndilo komeo, lililazwa juu ya panda mbili za mti zilizofungwa kwa kamba kwenye miimo ya mlango. Mchwa walizila panda, watu wakakata nyingine. Hakuna aliyelalamika, maana mlango ulikuwa wa kuzuia mbuzi na baridi tu. Chui alikuwa na msitu wake, na watu walikuwa na migomba yao.

Ukaja mwaka ambao mvua ilipita mbali. Migomba ikakunja majani. Msituni nako wanyama wadogo wakahama, chui akabaki na njaa yake, na njaa ikamteremsha. Alianza na mbuzi waliofungwa nje. Akaja akachukua mbwa. Kisha akasukuma mlango wa nyumba moja, gogo likatoka kwenye panda, akaingia akavuta ngozi aliyolalia mtoto. Mtoto alibiringika upande wa ukutani akapona na mkwaruzo mguuni. Chui aliondoka na ngozi tupu, na watu wote wakajua kwamba safari nyingine hatakosea.

Wanaume wenye nguvu hawakuwapo. Walikuwa wameteremka nyikani na majembe na visu ili wabadilishane na nafaka, na kurudi kwao hakukuwa kwa leo wala kesho. Waliobaki ni wazee, wanawake na watoto. Basi watu wakamwendea mzee Kirita, mhunzi wa kijiji, wakamwambia, "Tutengenezee kitu cha chuma cha kushika komeo. Kisiliwe na mchwa, na gogo lisikiruke."

Kirita akafikiri, akajaribu kwanza ndoano ya duara. Gogo likaviringika ndani yake likatoka kwa urahisi kuliko kwenye panda. Ndipo alipoelewa kwamba kinachotakiwa ni kiwiko: upande mmoja uingie kwenye mwimo, upande mwingine usimame wima, na gogo likae katikati kama mtoto kwenye mkono wa mama yake.

Lakini mivukuto ya kupulizia moto haikuwa na mtu. Aliyekuwa akiivukuta siku zote ni mwanawe Senkondo, naye alikuwa nyikani na wenzake. Nyumbani Senkondo alimwacha mkewe, Nakijwa, na mtoto wao wa kwanza, Mbonea, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua.

Nyumba ya Nakijwa ilikuwa ya mwisho kijijini. Nyuma yake palikuwa na shamba dogo la magimbi, na baada ya magimbi ulianza msitu. Asingeweza kuhamia kwa wakwe, kwa sababu desturi ya Kwamvungu ilikuwa kwamba mke wa mtoto halali chini ya paa moja na baba mkwe. Wala hamtazami usoni, wala hamsemeshi asiposemeshwa, wala hali chakula mbele yake hata tonge. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na Nakijwa alifundishwa na mama yake tangu yu mdogo. Kwa hiyo mama mkwe, Nambike, ndiye aliyehamia kwake ili wasiwe peke yao, yeye na mtoto. Kila jioni wanawake hao wawili walisukumiza kinu mlangoni, juu ya kinu wakaweka jiwe la kusagia, na juu ya jiwe Nambike akaweka maneno yake: "Akisukuma hivi vyote, basi anastahili kuninywea na damu."

Nakijwa hakucheka. Alilala mkono wake umezunguka kifua cha mtoto.

Siku moja asubuhi Kirita alikuja akasimama uani, akautazama mgomba. "Mama Senkondo," alimwambia mkewe, "mwambie mama Mbonea kwamba mivukuto haina mtu."

"Amekusikia," Nambike alijibu. "Amesimama hapa, si kiziwi."

"Wewe mwambie."

"Mama Mbonea, mivukuto haina mtu."

"Nitakuja, mama," Nakijwa alisema, akikaza nguo ya kiunoni. Alikuwa akiwaza mlango wake.

Hivyo ndivyo alivyoingia katika banda la uhunzi. Alikaa upande wa nyuma wa tanuri, bega lake likielekea kwa baba mkwe ili macho yao yasikutane, mikono yote miwili ikipanda na kushuka kwenye viriba vya mivukuto. Asubuhi ya pili alikuta jiwe alilokuwa akikalia limetandikwa ngozi ya kondoo, manyoya yakiwa juu. Hakuna aliyesema neno kuhusu ngozi ile. Nakijwa aliikalia, na moyoni akasema asante.

Kazi ilikuwa ngumu. Kirita alipasha chuma katikati mpaka kikawa chekundu kama pilipili iliyoiva, akakiweka kwenye ukingo wa fuawe lake, jiwe la kufulia chuma, akakikunja. Kilikunjika, ndiyo, lakini mgongo wa kona ulivutwa ukawa mwembamba na mviringo kama goti. Alipotaka kuifanya kona iwe kali alikipiga kwa ndani, kwapani mwa chuma. Kwapani pakaingia mkunjo, na mkunjo ukawa ufa. Akabadilisha makaa, akidhani makaa hayakuwa mazuri. Akabadilisha nyundo. Akasema chuma cha mwaka wa njaa nacho kina njaa, na hapo alisema kweli bila kujua.

Vipande viwili ambavyo ufa wake ulikuwa mdogo alimpa jirani yake, mzee Mrindoko, aliyemsumbua kila siku. Asubuhi moja Mrindoko akatokea bandani ameshika kipande kimoja kati ya vidole viwili, kama mtu anayerudisha mtoto mtukutu kwa wenyewe.

"Kirita, ndugu yangu," alisema, "hiki ni chako?"

"Kimefanya nini?"

"Kimevunjika. Chui amesukuma mara moja tu, kimevunjika hapa kwenye kona kama muhogo. Amemchukua yule mbuzi wangu mwenye madoa tuliyelala naye ndani. Vyungu vya mke wangu vina nguvu kuliko viwiko vyako."

"Pole, ndugu yangu."

"Pole nimeipokea. Sasa nalala na nini? Na pole?"

Nakijwa aliendelea kuvukuta, lakini mikono ilimlegea. Kama chui alivunja kiwiko cha mzee Mrindoko aliye katikati ya kijiji, pale mwisho wa magimbi itakuwaje? Kinu hakina miguu ya kusimama imara. Chui akipata upenyo wa kichwa tu, mwili utafuata.

Na mikono haikumlegea kwa hofu peke yake. Nakijwa alikuwa na njaa. Nambike alimletea uji kila siku mchana, akauweka kizingitini, akarudi kumbembeleza mtoto. Lakini angeunywaje? Baba mkwe alikuwa palepale. Yeye naye hakutoka, kwa sababu mhunzi wa Kwamvungu akiwasha moto wa kazi hauachi mpaka kazi iishe. Na Nakijwa hangeweza kutoka, kwa sababu akiacha mivukuto chuma kinapoa. Basi uji ulikaa kizingitini ukaota ngozi juu, kuku akaja akaumaliza. Jioni Nakijwa alikuwa akila kidogo kilichobaki nyumbani, na mwaka ule kilichobaki nyumbani hakikuwa kingi.

Kirita hakujua. Hakuwa mtu mbaya. Heshima ileile iliyomkataza mkwe kula mbele yake ilimkataza yeye kutazama upande ule, kwa hiyo hakuwahi kuona kuku alikuwa ananenepea wapi. Alimwona tu kuku akinenepa mwaka wa njaa, akadhani ana bahati.

Aliyeona ni Nambike. Siku ile aliingia bandani mtoto akiwa mgongoni, analia kilio kile cha chini cha mtoto aliyechoka kulia, na kibuyu cha uji mkononi. Alimpa Nakijwa mtoto. Nakijwa akamweka kwenye ziwa, mtoto akavuta mara mbili tatu, akaliachia, akalia tena.

"Baba Senkondo," Nambike alisema, "huyu mtoto ananyonya hewa."

Kirita alikuwa ndiyo kwanza ametoa chuma motoni kwa koleo. "Ana nini?"

"Yeye hana kitu. Mama yake ndiye hana kitu. Tangu aanze kukaa hapa hajaweka uji mdomoni, wewe umekaa kama mlima. Macho yako unayaacha kwenye makaa? Mnatengeneza komeo la kumzuia chui asimle mtoto, na mtoto mnammaliza wenyewe humu ndani!"

Kirita akageuzia macho ukutani. Akasema polepole, "Mwambie anywe."

"Mbele yako?"

"Mimi sipo."

"Upo. Naliona tumbo lako."

"Nikigeuka, sipo." Na kweli akageuka. Aligeuza mgongo wote kwa mivukuto, kwa tanuri, kwa mkwe na kwa mkewe, akasimama akilitazama fuawe, koleo mkononi na chuma chake chekundu katikati.

Nambike akamsogezea Nakijwa kibuyu. Nakijwa alikishika lakini hakukiinua. Banda lilikuwa kimya, na katika kimya kile angesikika akimeza. Alijua angesikika. Alifikiri ni aibu gani hiyo, mzee mzima anasikiliza koo lako. Machozi yakamlenga. Mtoto alilia tena.

Kirita, amegeuka vilevile, alisikia kwamba hakuna anayekunywa. Na kwa kuwa alikuwa na binti zake walioolewa mbali, huenda akakumbuka nao wameketi mbele ya baba wa watu. Akakisimamisha chuma wima juu ya fuawe, akaanza kukigonga kichwani kwa nyundo. Ko. Ko. Ko. Hakuwa na shida yoyote na kichwa cha chuma kile. Alitaka tu pawe na sauti, ili mtoto wa watu anywe bila kusikika.

Nakijwa akaelewa. Alielewa kama alivyoelewa ngozi ya kondoo. Akainua kibuyu akanywa, akanywa mpaka chini, uji wa moto ukiteremka ndani yake taratibu, nyundo ikigonga bila haraka. Nambike alikaa pembeni, mkono mdomoni.

"Tayari," alisema mwishowe. "Geuka, sasa upo."

Kirita aligeuka, akakitazama chuma, akaguna. Kilikuwa kimefupika. Na pale katikati, palipokuwa pekundu, kilikuwa kimevimba, kimeota tumbo kama chura.

"Nimekiharibu," alisema. "Nilikuwa nagonga tu. Hiki sasa si cha kitu." Akainua koleo akitupe nje.

"Baba, usikitupe."

Wote wawili wakamgeukia. Nakijwa alikuwa amesema mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. Alishtuka kuliko wao, lakini neno limeshatoka, na mtoto alikuwa kwenye ziwa, akivuta tena.

"Sema, mwanangu," Kirita alisema.

"Kimeshiba," alisema Nakijwa, macho chini. "Vile vingine vyote ulivikunja vikiwa vyembamba kama mimi. Ukikikunja, mgongo unavutwa, na hauna cha kutoa, basi unapasuka. Hiki kina cha kutoa. Kikunje hapohapo kiliposhiba."

Kirita akalitazama tumbo la chuma. Kisha akakirudisha chuma motoni. "Mama Senkondo, shika mtoto. Yeye avukute. Na lete maji."

Kilipoiva, Nambike alimwagia maji pande mbili za chuma zikapoa zikawa ngumu, pakabaki panawaka pale tumboni tu. Kirita akakiweka ukingoni mwa fuawe akakikunja pale pale. Mgongo ukavutika, lakini haukuwa mwembamba, ulikuwa na nyama. Akainua nyundo akipige kwapani, kama alivyozoea, mkono ukasimama hewani. Aliukumbuka ufa, kwamba mara zote ulianzia kule ndani. Akashusha nyundo. Badala yake akakigonga kwenye ncha za mikono yake, huku kidogo na huku kidogo, akiisukuma nyama yote iende kwenye kona. Na kona ikajaa. Goti lile la mviringo likajaa taratibu mpaka likawa pembe, nje kali, ndani safi, bila ufa.

Hakuna aliyeshangilia. Kirita alikitumbukiza majini, kikalia, akakitoa, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wake, kisha akampa Nakijwa naye apitishe chake.

Walitengeneza cha pili kabla jua halijateremka. Mrindoko, aliyesikia milio tofauti, akafika akitweta. "Hivyo ni vyangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeliwa mbuzi."

"Mbuzi wako ameshaliwa," Kirita alimjibu. "Mjukuu wangu bado. Njoo kesho, ndugu yangu. Na ukija, njoo na kuni."

Viwiko vikapigiliwa kwenye miimo ya mlango wa Nakijwa, na gogo likalazwa ndani yake. Nambike alilivuta, akalisukuma, akaliegemea kwa makalio. Kinu kikarudi mahali pake jikoni.

Chui alikuja kunapambazuka, wakati wa ukungu mzito unaofanya hata mgomba wa jirani usionekane. Nakijwa alikuwa ameketi akimnyonyesha mtoto. Alisikia magimbi yakikanyagwa, kisha kimya, kisha pumzi chini ya mlango, pumzi nzito yenye harufu ya nyama. Nambike alishika mchi. Mlango ukasukumwa. Mbao zililia, gogo likaruka kidogo, likaangukia palepale katika mikono ya chuma. Ukasukumwa tena, safari hii kwa uzito wa mwili mzima, na vumbi likadondoka kutoka kwenye miimo. Nakijwa alikuwa anaitazama kona. Alijua ilivyo kule ndani, alikuwa ameishika ingali na joto. Haikufunguka, haikupasuka. Chui akasukuma mara nyingine, akakwaruza, akavuta pumzi ndefu. Kisha magimbi yakakanyagwa tena, kuelekea juu, mpaka yakanyamaza. Mtoto hakuacha kunyonya.

Kirita alifika mbio na mkuki mkononi, amefuata nyayo kwenye tope la umande. Alisimama nje ya mlango akaita. "Mama Senkondo! Mmeamkaje?"

Nambike alifungua kinywa, lakini Nakijwa akajibu yeye. "Salama, baba. Vimeshika."

Mkuki ukaegemezwa ukutani. Kisha sauti ya mzee, imelegea kabisa: "Mtoto amenyonya?"

"Ananyonya, baba. Maziwa yamerudi."

Kabla mvua haijarudi, kila mlango wa Kwamvungu ulikuwa na viwiko vyake, na wa Mrindoko ulikuwa navyo vinne, kwa sababu hakutaka tena kusikia pole ya mtu. Chui alisukuma hapa na pale, akachoka, na msitu ulipopata maji akarudi kwenye msitu wake.

Na tangu siku hiyo, mhunzi wa Kwamvungu hakunji kona ya chuma kabla mvukutaji hajaletewa uji. Awe mwanawe, awe mkwe, awe mgeni aliyekuja kununua kisu, analetewa uji wa moto. Mhunzi anatoa chuma motoni, anageuza mgongo, anakisimamisha wima, na anakigonga kichwani taratibu kadiri mwenzake anavyokunywa. Mvukutaji akinywa kwa pupa, watu humkemea: "Polepole wewe, chuma bado hakijashiba!" Kisha ndipo kinakunjwa, na hakipigwi kwapani. Mahali pengine, mke wa mtoto bado hali mbele ya baba mkwe. Bandani anakula, na hakuna anayeona ajabu.

Kwa hiyo ukipanda Kwamvungu na shida zako, ukafika karibu na banda ukasikia nyundo inagonga kidogokidogo kama haina haraka, usiingie kuulizia jembe lako. Kaa nje kidogo. Kuna mtu anakula.